Mtumbwi wa Mindu na Bomba la Mafiga

Sehemu kubwa ya maji yanayotoka kwenye mabomba ya Manispaa ya Morogoro hukusanywa kwanza katika Bwawa la Mindu, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, ambako Mto Ngerengere umezuiwa kwa ukuta, kisha hupelekwa Mafiga kwenye mtambo wa kuyatibu kabla ya kugawiwa majumbani. Bwawa hilohilo lina perege na kambare, na penye samaki hapakosi mvuvi wala chombo cha kumpeleka kwenye nyavu zake. Kwa hiyo swali la kitu gani kipakwe kwenye ubao wa mtumbwi, ambalo pwani humalizwa na fundi na mwenye chombo bila kumshirikisha mtu mwingine, kwa Morogoro linamhusu pia mpishi wa Kihonda na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ambao huenda hawajawahi kupanda chombo chochote cha majini. Epoksi, vanishi na rangi, ambazo ndizo kinga kuu za vyombo vya mbao katika zama hizi, zina faida zake na madhara yake, na mizani ya faida na madhara hayo hubadilika kulingana na maji ambamo chombo kinaelea.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba adui wa ubao baharini si adui wa ubao bwawani. Katika maji ya chumvi yumo kiumbe laini wa jamii ya kome na chaza, ambaye wataalamu humwita Teredo, anayetoboa ubao akiwa mdogo kama kichwa cha sindano na kuendelea kukua humo ndani, hata mbao inayoonekana nzima kwa nje ikawa imebaki kama sega la nyuki. Ni kwa ajili yake mafundi wa pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa, walizoea kupaka deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa, kwenye sehemu ya chombo inayozama, huku sehemu ya juu ikipakwa sifa, ambayo ni mafuta ya ini la papa yenye harufu isiyosahaulika. Maungio ya mbao yalikalafatiwa, yaani yalishindiliwa pamba au nyuzi zilizolowekwa mafuta ili maji yasipenye. Elimu hiyo ni kubwa na inastahili heshima, lakini sehemu yake kubwa ilielekezwa kwa kiumbe ambaye hawezi kuishi katika maji baridi ya Mindu. Mtu anayenunua rangi yenye sumu ya kuua viumbe vya baharini ili aipake mtumbwi wa bwawani ananunua dawa ya ugonjwa ambao mgonjwa wake hana namna ya kuupata.

Maradhi halisi ya ubao bwawani ni mawili, kuoza na kupasuka. Kuoza husababishwa na kuvu, ambao huhitaji unyevu na hewa kwa pamoja, na ndiyo sababu gogo lililozama kabisa kwenye tope hudumu miaka mingi, na boriti iliyo kavu darini hudumu pia, ilhali nguzo ileile iliyosimikwa huoza pale tu inapokutana na uso wa udongo. Mtumbwi una sehemu kama hiyo katika mstari wa maji na, zaidi ya hapo, katika sakafu yake ya ndani, ambako maji ya mvua hutuama chini ya matete na mabaki ya nyavu. Mabaharia wengi wanajua kwamba maji ya mvua huozesha chombo upesi kuliko maji ya bahari, kwa kuwa chumvi huzuia kuvu wengi kustawi. Morogoro haina msaada huo wa chumvi, na masika yake ya Machi hadi Mei hushusha mvua nyingi kutoka kwenye miteremko ya Uluguru. Kinga ya kwanza dhidi ya kuoza, basi, haiuzwi dukani: ni kuupindua mtumbwi kifudifudi kila unapopumzishwa nchi kavu na kuuweka juu ya magogo mawili ili hewa ipite chini yake.

Kupasuka nako huletwa na jua. Ubao unapokauka husinyaa kwa upana wake na karibu haupungui kwa urefu, hivyo nyufa hufuata mkondo wa nyuzi na huanzia kwenye ncha, pale ambapo nyuzi zimekatwa na unyevu hutoka na kuingia kwa kasi kubwa kuliko ubavuni. Kiangazi kinapokomaa na maji ya bwawa kurudi nyuma, mitumbwi huachwa juu ya tope linalokauka, upande mmoja ukiwa umelowa na mwingine ukichomwa na jua, na tofauti hiyo ya unyevu kati ya pande mbili za ubao mmoja ndiyo inayoupasua. Fundi mwenye kopo moja tu la kinga, la aina yoyote, atafanya vyema kulimalizia kwenye ncha mbili za mtumbwi kabla ya kufikiria ubavu.

Hapa inafaa kutofautisha mtumbwi wa gogo na mashua ya mbao, kwa sababu uuzaji wa epoksi umeenea kwa kasi kuliko maelezo yake. Mkoa wa Morogoro una utamaduni mkongwe wa mitumbwi ya gogo, hasa katika Bonde la Kilombero, ambako Wandamba wamejulikana kwa uvuvi na uchongaji wa mitumbwi tangu zamani, na ambako mvule ulithaminiwa kwa kazi hiyo. Gogo lililochimbwa lina unene usiolingana, mara nyingi lilichongwa likiwa bichi, na halikauki sawasawa maisha yake yote. Kulifunika lote kwa epoksi ni kulivisha vazi lisilonyumbuka juu ya mwili unaopumua: ubao huvimba na kusinyaa, ganda hupasuka mahali fulani, maji huingia kwa ufa huo mwembamba, na kwa kuwa hayana njia ya kutoka, kuvu hupata makao yenye kivuli na unyevu wa kudumu. Gogo linafaa zaidi kulishwa mafuta yanayokauka, kama ya kitani yaliyochemshwa, na epoksi ibaki kuwa ya kutengenezea nyufa pekee. Mashua ya mbao nyembamba au ya plaiwudi ni habari nyingine, kwani hapo ubao ni mwembamba kiasi cha kukaushwa kikamilifu na kufungwa pande zote, na hapo ndipo epoksi inapoonyesha uwezo wake.

Epoksi ni gundi ya vimiminika viwili, resini na kigumishi, ambavyo kila kimoja peke yake hubaki kimiminika lakini vikichanganywa molekuli zake hushikana kama uzi unaofumwa kuwa wavu, na wavu huo hauyeyuki tena hata ukipashwa moto. Asili yake haihusiani na bahari hata kidogo. Mkemia wa Uswisi, Pierre Castan, aliifanyia kazi katika miaka ya 1930 akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia, na kampuni ya Ciba ikaifanya kuwa gundi iliyoingia sokoni mwaka 1946 kwa jina la Araldite, jina ambalo mafundi wengi wa Afrika Mashariki bado wanalitambua kutokana na mirija yake miwili midogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ndugu wa familia ya Gougeon huko Bay City, Michigan, nchini Marekani, waliokuwa wakiunda vyombo vya kuteleza juu ya barafu kwa nguvu ya tanga, walieneza njia ya kuunganisha na kufunika mbao nyembamba kwa epoksi, na kutoka hapo utaratibu huo ukasambaa katika karakana za mashua duniani.

Utendaji wake una masharti machache yasiyosamehe. Ubao uwe mkavu, unyevu wake ukiwa karibu na asilimia 12 au chini ya hapo, kiwango ambacho mtumbwi uliotolewa majini jana hauwezi kukifikia bila wiki kadhaa za kivuli chenye upepo. Kipimo cha resini na kigumishi kifuatwe kama kilivyoandikwa kwenye kopo, iwe tano kwa moja au mbili kwa moja. Mafundi waliozoea resini ya polista, ile ambayo wengi huiita resini ya faiba, hupotea katika jambo hili mara kwa mara, kwa kuwa polista huharakishwa kwa kuongezewa matone ya kichocheo, ilhali epoksi ikizidishiwa kigumishi haiharakishwi bali hubaki laini na yenye kunata, kwa vile kigumishi chake ni sehemu ya wavu wenyewe na hakuna resini ya kukipokea kinachozidi. Kosa hilo haliponi, kwani dawa yake ni kukwangua yote na kuanza upya.

Joto nalo lina neno lake. Kasi ya epoksi kugeuka kuwa ngumu huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, na mgeuko wenyewe huzalisha joto, hivyo mchanganyiko ulioachwa ndani ya kikombe kirefu mchana wa Morogoro unaweza kuchemka na kutoa moshi kabla brashi haijaguswa mara ya tatu. Wenye uzoefu huchanganya kidogo kidogo na kuumimina kwenye sinia pana ili joto litawanyike. Kazi ya jioni ina mtego wa pili, kwa maana umande unaoshuka kutoka mlimani huungana na kigumishi ambacho bado hakijashika na kuacha utando wa mtelezo kama nta, ambao koti linalofuata halitaushika, na ambao huondolewa kwa maji safi na kusuguliwa kabla ya kupigwa msasa, si baada ya hapo. Mkoa huu una pia neema yenye masharti yake, nayo ni msaji, ambao wengi huuita mtiki, unaolimwa Mtibwa na katika Bonde la Kilombero. Ni mti wa mashua wenye sifa duniani kote, lakini mafuta yake ya asili, yaleyale yanayozuia kuoza, huikataa gundi, kwa hiyo mafundi huufuta uso wake kwa asetoni muda mfupi kabla ya kuupaka.

Ufa katika mtumbwi haujazwi kwa epoksi tupu, ambayo ingechuruzika na kutoka upande wa pili. Huchanganywa na unga laini wa mbao, bidhaa ambayo hakuna karakana ya seremala inayoikosa, mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, baada ya kingo za ufa kukwanguliwa hadi kwenye ubao mzima na kupakwa kwanza epoksi nyepesi. Ufa mrefu huhitaji pia kipande cha mbao chenye kiuno chembamba na ncha mbili pana, kinachozamishwa kukingama na ufa ili usiendelee kutembea. Polista ni rahisi kwa bei na ndiyo inayotumika zaidi kuvalisha mashua faiba, lakini haishiki vyema ubao wa zamani, na mashua nyingi zilizovalishwa hivyo huendelea kupendeza kwa nje wakati mbao zake zinageuka unga ndani.

Pamoja na uwezo huo wote, epoksi ina udhaifu mmoja ambao wanunuzi wengi hawauambiwi, nao ni kwamba jua huiua. Mionzi ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa jicho, huikata minyororo yake hadi ikawa na rangi ya manjano, kisha ya chaki, kisha ikabanduka. Lazima ifunikwe kwa vanishi au rangi. Neno mafiga kwa Kiswahili ni mawe matatu yanayobeba chungu motoni, na mfano huo ungefaa hapa kama si kwamba mawe haya hayalingani kimo: epoksi huzuia maji, rangi huzuia jua, na vanishi hufanya nusu ya kazi ya rangi kwa mara mbili ya taabu yake, kwa sababu kitu kinachoruhusu jicho kuuona ubao huruhusu pia mwanga kuufikia.

Vanishi hata hivyo ina historia ambayo msomaji wa Tanzania ana haki ya kuidai. Kimsingi ni utomvu mgumu ulioyeyushwa katika mafuta yanayokauka, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 mojawapo ya tomvu zilizotafutwa sana duniani ilikuwa sandarusi, inayotokana na msandarusi wa pwani na bara yake ya karibu. Sandarusi iliyothaminiwa zaidi ilikuwa ile iliyochimbwa ardhini, mahali ambapo misitu ilikwisha kutoweka, ikiwa imekaa udongoni hadi uso wake ukawa na vipele kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Ilipitia Zanzibar, na baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani nyingi ilipelekwa Salem, Massachusetts, ikasafishwa na kupikwa kuwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Mchimbaji aliyeitoa ardhini alibaki akiupaka mtumbwi wake mafuta ya samaki.

Hadithi hiyo ina mwendelezo wa kisasa, na hapa makala hayana budi kuchepuka kidogo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na kutokana nayo viwanda hutoa kadanoli, malighafi ya aina ya vigumishi vya epoksi vyenye sifa ya kushika hata kwenye baridi na unyevu, na ndiyo sababu hupendwa katika rangi za awali za meli. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania imekuwa ikiuzwa nje ikiwa ndani ya maganda yake, na mafuta husafiri humohumo. Kopo linaloagizwa kutoka ng'ambo kwa bei ya ng'ambo huweza kuwa na kitu kilichoanzia Mtwara.

Tukirudi kwenye brashi, vanishi inayouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi imekusudiwa milango na vitanda. Ni ngumu na inang'aa, lakini ubao wa nje hutembea kwa unyevu na joto, na vanishi ngumu isiyoweza kutembea nao hupasuka mwaka wa kwanza. Vanishi ya vyombo vya majini huwa na mafuta mengi kuliko utomvu, hivyo hubaki laini kidogo, na huongezwa viambato vya kumeza mionzi. Hata hiyo huhitaji makoti sita au zaidi na kurudiwa kila mwaka chini ya jua la tropiki. Kwa mtumbwi wa kazi hiyo ni anasa. Mahali pake panapostahili ni kwenye makasia, ambayo hulala kivulini na kushikwa kwa mikono, na ambapo ufa mdogo unafaa uonekane mapema.

Rangi ya mafuta ya kawaida, juu ya praima, ndiyo ngao inayomfaa mvuvi wa bwawani, kwa masharti mawili. La kwanza ni subira, kwani kigumishi kilichobaki juu ya epoksi changa huizuia rangi ya mafuta kukauka, na wengi hulaumu rangi kwa kosa la haraka; wiki moja ya kusubiri, kuosha na kupiga msasa hulimaliza tatizo. La pili ni weupe. Rangi nyeusi na bluu iliyokolea hupendeza, lakini huvuta joto ambalo hulainisha epoksi na kukausha ubao, ilhali nyeupe au kijivu chepesi huufanya mtumbwi uleule uwe wa baridi kwa kuguswa saa sita mchana.

Linabaki suala la sumu. Rangi za kuzuia viumbe kujishikiza chini ya vyombo hutumia zaidi oksidi ya shaba, na kwa miongo kadhaa zilitumia pia misombo ya bati iliyofupishwa kuwa TBT. Hiyo ya pili ilionekana kuwa kamilifu mpaka chaza wa Ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa walipoanza kushindwa kuzaana na kuota magamba yaliyopinda. Ufaransa ikaipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 ukaanza kutumika mwaka 2008. Shaba bado inaruhusiwa. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 2 za shaba katika lita ya maji ya kunywa, na ni haki kusema kwamba mitumbwi michache haiwezi kulifikisha bwawa zima huko. Lakini samaki wachanga na vijidudu wanavyokula hudhurika kwa kiasi kidogo mno kuliko hicho, na mtambo wa kutibu maji hubuniwa kwanza kushusha tope na kuua vimelea, si kunasa metali iliyoyeyuka. Kwa kuwa Mindu haina Teredo, na utando wa kijani unaoota chini ya mtumbwi huondoka kwa brashi ngumu na dakika kumi, rangi hiyo haina sababu ya kuwepo.

Epoksi yenyewe iko katika hali ya kushangaza: ikiwa haijashika ni sumu kwa samaki na huwasha ngozi kiasi cha kumfanya fundi asiweze tena kuigusa maishani mwake, lakini ikishashika kikamilifu huwa tulivu kiasi cha kutumika kupaka ndani ya matangi ya maji ya kunywa. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni siku saba hivi. Vumbi la msasa la rangi za zamani, ambazo baadhi yake zina risasi kupita kiwango cha sehemu 90 kwa milioni kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa, halina utulivu wa namna hiyo, na upepo wa mchana hulipeleka moja kwa moja majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa, na ingawa kupaka mtumbwi si shughuli ya kudumu, umbali huo ni kipimo kizuri cha mahali pa kutandika turubai, kupiga msasa kwa maji badala ya kuupiga ukiwa mkavu, na kuyakunja matope ya rangi yakazikwe mbali.

Wakati wa kazi hiyo hujipanga wenyewe. Kuanzia Julai hadi Oktoba hewa huwa kavu, maji yamerudi nyuma, na mtumbwi uliobebwa na watu sita hadi nje ya mita hizo 60 una wiki za kutosha kukaushwa kivulini, kuzibwa nyufa, kuachwa siku saba, kupakwa rangi nyeupe makoti mawili, na kusubiri mvua za vuli ziulete ukingo wa maji karibu tena.